Ukurasa wa Mia Tatu na Kumi na Mbili

Kitabu kimerudi tena kikiwa kimevimba
kama mkate uliosahauliwa kwenye chai.
Nilidhani ni mvua. Hapa Valdivia
kila kitu husingiziwa mvua:
kutu, kikohozi, barua zisizofika.
Lakini mvua haichagui kurasa.
Hii imeanzia mia tatu na kumi na mbili
ikakomea mia tatu na kumi na tano,
na pembeni, kwa penseli, mtu ameandika:
"Hapana."

Hilo tu. Hapana, na nukta iliyotoboa karatasi.

Kazi yangu mimi ni muhuri na tarehe.
Sikuajiriwa kuuliza nani kalia wapi.

Griselda, muuguzi wa zamu ya usiku,
alikitupa mezani kama anayerudisha samaki aliyeoza.
"Uongo mtupu! Hospitali gani inamwachia
mgonjwa wa moyo atoke peke yake
na mvua ile, eti akanunue maua?
Mwandishi hajui hata kipimo cha dawa."
Akanyamaza. Akapangusa miwani.
"Niandikie tena," akasema. "Wiki mbili."

Maite, kidato cha tatu, kipini puani,
alianza kucheka tangu jalada:
mapenzi ya watu wa miaka hamsini,
fundi wa lifti na mwalimu wa kuogelea, nani anayajali?
Jumamosi nikamkuta ngazini, taa zimezimwa,
anasoma kwa mwanga wa simu,
kofia ya sweta imemshuka hadi kwenye nyusi.
"Nina mafua," akasema.
Nikampa pole. Mafua ni mafua.

Yasna alikaa nacho siku arobaini.
Faini aliilipa yote kwa sarafu, bila kubisha.
"Nilibakiza kurasa tano," alisema.
"Nisipozisoma, bado yu hai."

Ningemjibu nini?
Mimi mwenyewe huishia mia tatu na kumi na moja,
nikafunga, nikaenda kuosha vyombo.
Aliro alipohamia Punta Arenas
alisema atapiga simu akifika.
Kuna watu ni afadhali uwaache wakiwa bado njiani.

Kisha don Eleuterio, fundi bomba, mgane,
aliyezoea kuazima vitabu vya vita na vya pampu,
alikileta kimeviringishwa kwenye mfuko wa nailoni,
mikono ikinuka risasi na mpira.
Akashusha sauti kama mtu anayeulizia deni:
"Binti, halipo toleo jingine?
Lile ambalo anarudi nyumbani?"
"Halipo, don Eleuterio."
"Mmetazama ghalani?"
Nikaenda ghalani.
Nikasimama kati ya makatoni, nikahesabu hadi hamsini,
nikarudi. "Halipo."
Akashukuru, akasahau mwavuli wake.

Mwezi uliofuata alikiazima tena.
Kiliporudi, baada ya ukurasa ule,
ilibandikwa stakabadhi ya koki mbili na bomba mita sita
kwa utepe mweupe wa kuzuia maji yasivuje.
Nyuma yake, kwa mwandiko mnene wa kukandamiza:

"Akarudi. Akavua viatu mlangoni
maana sakafu ilikuwa imetoka kudekiwa.
Maua yalilowa. Mkewe akayapokea hivyo hivyo."

Kanuni ya nne ya maktaba yasema
kilichoongezwa na msomaji kitolewe.
Niliushika ukingo wa karatasi kwa kucha.
Fundi yule kazi yake haivuji.
Nikaiacha.

Jana Griselda amekirudisha. Stakabadhi ipo.
Kwa kalamu nyekundu amesahihisha tahajia, mahali pawili,
na chini, kwa herufi ndogo za chati ya wodini, ameongeza:
"Dawa zake akanywa. Kidonge kimoja, saa mbili usiku."

Nimegonga muhuri: tarehe nane, Julai.
Jina linalofuata kwenye orodha ni langu.
Nimeliruka tena.